Mchora Njia za Ndege

Mtaani kwetu Kinyerezi walimwita Rubani, na kila mara aliwasahihisha. "Mie sijawahi kuendesha hata baiskeli ikafika," alikuwa akisema. "Mie nilikuwa nachora njia. Wanaopita ni wengine." Watu walicheka, na kesho yake wakamwita Rubani tena. Mimi nilimwita Mzee, naye aliniita Mwalimu, kwa sababu nafundisha jiografia sekondari. Ukuta wangu na wake ulikuwa mmoja. Tuliishi hivyo miaka kumi na moja.

Kitu ambacho kila mtu alikijua ni jinsi alivyotembea. Hakupita njia moja siku mbili mfululizo. Duka la mkate halikuwa mbali na geti lake. Leo angepita mbele ya msikiti, kesho angezungukia nyuma ya gereji, keshokutwa angeshuka bondeni kwenye matope na kupandia upande wa pili, arudi na mkate wake huku suruali imechafuka mpaka magotini. Walisema ana mwanamke bondeni. Mkewe, mama wa Temeke mwenye sauti ya juu na moyo mwepesi, aliwajibu kabla hawajamuuliza: "Angekuwa na mwanamke angepita njia moja. Mwanaume akipenda anazoea."

Nilipomuuliza mwenyewe, hakucheka. "Ukimpa mtu siku mbili za kukuona, Mwalimu, siku ya tatu anakusubiri."

"Nani anakusubiri wewe hapa Kinyerezi, Mzee?"

"Hakuna," akasema. "Miguu ndiyo haijaambiwa."

Kazi yake aliifanya katika kampuni ndogo iliyokuwa ikipeleka dawa na chakula kwa ndege kwenye nchi ya jirani yenye vita. Nchi yenyewe hakuitaja kwa jina. Aliiita "kule." Ndege zilikuwa za mizigo, za mapangaboi mawili, zenye marubani wawili na hazina kinga yoyote. Kule chini kulikuwa na watu wenye bunduki kubwa zilizofungwa juu ya magari, ambao hawakuwa na haja ya kujua kama ndani ya ndege mna dawa au mna askari. Yeye alikaa ofisini hapa Dar, akipokea taarifa za redio na simu: leo gari limeonekana kijiji fulani, jana daraja fulani lilikuwa na walinzi. Kutokana na taarifa hizo ndipo alipochora.

Jumapili moja alinieleza, barazani kwangu, kwenye daftari langu la maandalio ya somo. Alichora vilima kwa mistari myembamba, vizuri kuliko ninavyochora ubaoni, kisha akaigawa karatasi yote kwa miraba midogo.

"Kila mraba naupa maswali matatu," akasema. "Nani yuko hapo? Anaona mpaka wapi? Ndege ikipita, anaiona kwa muda gani? Nikijibu, naupa mraba alama. Mbaya sana, mbaya, afadhali. Mraba mzuri haupo."

"Sasa si upite juu kabisa, risasi zisifike?"

"Utapita juu, sawa. Utashukia wapi? Pale unaposhukia ndipo wanapokaa." Akaweka kalamu kwenye mstari wa kilima. "Kwa hiyo unashuka mapema, unajificha nyuma ya hiki. Kilima ni ukuta, na huujengi wewe. Wanasikia mlio lakini hawakuoni. Wanakuona ukivuka pengo, basi. Sekunde kadhaa. Unajumlisha sekunde zote za njia nzima, halafu unatafuta njia nyingine yenye sekunde chache zaidi. Lakini ndege siyo pikipiki, haikati kona. Ikiwa na mzigo haipandi haraka. Nikikupitisha mbali, mafuta yanakwisha. Nikikupitisha karibu, unapigwa. Mshahara wangu ulikuwa wa kutafuta pa kupenya kati ya vifo viwili."

Baadaye vijana wa kampuni walileta programu ya kompyuta iliyofanya kwa dakika moja kazi aliyokuwa akiifanya asubuhi nzima. Aliiheshimu sana, ila aliona ina kasoro moja, na kila alipoizungumzia alishusha sauti kana kwamba kompyuta yenyewe inasikia. Taarifa zisipobadilika, ilitoa njia ileile. "Njia iliyo bora ni moja," alisema. "Hata yule mwenye bunduki akikaa akafikiri, ataipata. Ikishapatikana, siyo bora tena." Kwa hiyo kila siku alichukua miraba iliyopitwa jana na kuipa adhabu kwa mkono, alama nzito zaidi, ili kompyuta ilazimike kutafuta kwingine. Ilimchukua saa mbili. Hakuna aliyemwagiza kufanya hivyo, na wala haikuandikwa popote.

Kulikuwa na maneno mawili ambayo hakuyatumia. La kwanza ni salama. Ukimsalimia "Salama, Mzee?" alijibu "Tupo." La pili ni bahati, na hilo lilimkasirisha. Fundi mmoja aliyekuwa akiziba paa lake aliteleza, akashika ukingo, akashuka akicheka kwamba ana bahati. Mzee alimfokea mbele ya watu. "Bahati gani? Umekanyaga bati lililolowa! Sema umekanyaga bati lililolowa!" Yule fundi alikusanya vifaa vyake akaondoka, na paa likavuja masika yote.

Hakuwa mtu wa kunyooka. Mtu huyo aliyezunguka mtaa mzima kufuata mkate alivuka barabara kubwa ya malori yanayokwenda kwenye mitambo ya gesi bila kutazama kulia wala kushoto, mikono nyuma. Alivuta sigara tangu alfajiri. Mkewe akichelewa kurudi hata dakika kumi, alimkuta amesimama getini, uso umemshuka, na badala ya kumpokea aligombana naye. "Nimechelewa kwa sababu nimezungumza," mama alimwambia siku moja, nami niko uani naanika nguo. "Sijafa. Nimezungumza tu." Na katika maisha yake yote hakupanda ndege hata mara moja. Ndugu yake alipofariki Mwanza, bintiye alimkatia tiketi. Akairudisha, akapanda basi, akafika watu wameshatoka makaburini.

Ndege zinazotua uwanjani zilikuwa zikipita juu ya mapaa yetu, chini kiasi cha kusomeka maandishi. Akisikia mlio alitoka nje na kusimama mpaka ipotee. "Angalia, Mwalimu," alikuwa akisema. "Moja kwa moja. Haipindi popote. Hawamwogopi mtu." Nilidhani anafurahi. Sikuwahi kumwangalia usoni, nilikuwa naiangalia ndege.

Nilimwalika darasani kwangu mara moja. Tulikuwa tunasoma ramani na kontua, na kidato cha tatu walikuwa wamechoka nami. Alikuja amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Alipanga madawati yawe vilima, akawaweka wanafunzi wawili pembeni wawe walinzi, akamwambia mwingine avuke chumba huku wale walinzi wakihesabu sekunde wanazomwona. Darasa lilipiga kelele kwa furaha. Walijaribu njia nne. Mwishowe wakapata moja ya sekunde tatu tu, wakashangilia, wakataka kuirudia.

Binti mmoja wa dawati la mbele, mpole, asiyependa kuuliza, akanyoosha mkono. "Lakini Mzee, sie tumeshaona anapopitia. Si tutamsubiri palepale tu?"

Mzee alimtazama. Nilisubiri amsifu, kwa sababu lilikuwa swali zuri kuliko yote. Alichukua kofia yake juu ya meza yangu, akasema, "Huyu mpeni alama zote," kwa sauti ambayo wa nyuma hawakuisikia, akatoka. Nilimkuta jioni kwake, ameketi na lile shati jeupe bado. Mkewe alinifanyia ishara ya mkono nisiingie.

Mkewe alifariki mwaka uliofuata, kwa ugonjwa wa figo uliokuwa umemla kimyakimya. Matanga yalipokwisha, Mzee aliacha kuzunguka. Alipita njia moja kwenda dukani na njia hiyohiyo kurudi, na mtaani wakasema sasa amepona. Mimi nilijua hajapona. Asubuhi moja ya Jumamosi alinigongea, akakaa barazani, akakataa chai.

"Nataka kwenda Mbweni kwa mtu," akasema. "Siwezi kwenda peke yangu. Na sitaki kwenda na mwanangu."

Ndipo akanieleza habari ya Kapteni. Alikuwa rubani wa kampuni ile, rafiki yake, mtu aliyekula kwao Jumapili nyingi kiasi kwamba mama alikuwa na sahani aliyoiita ya Kapteni. Alhamisi moja Kapteni alipita pengo fulani kati ya vilima viwili kule, akaenda akarudi. Ijumaa kulikuwa na safari nyingine, makasha ya chanjo. Taarifa hazikubadilika, kompyuta ikatoa njia ileile ya Alhamisi. Ilibaki kazi yake ya saa mbili.

"Kulikuwa na harusi ya mpwa wangu Temeke," akasema. "Mama amenipigia mara mbili, niko wapi, watu wanapanda magari. Kapteni naye ananipigia kutoka uwanjani: 'Braza, nipe karatasi, mvua inakuja.' Nikachukua karatasi ya Alhamisi. Nikafuta tarehe, nikaandika ya Ijumaa. Ndiyo kazi niliyoifanya siku ile, Mwalimu. Kuandika tarehe."

Nilimwambia huenda hata angechora nyingine wangewapiga.

"Huenda. Kwenye pengo lile walionekana sekunde kumi na tisa. Alhamisi hizo zilikuwa chache, mtu hawahi kulenga. Ijumaa walikuta mtu ameshaelekeza bunduki, anangoja."

Simu ilimkuta harusini, ana pilau mkononi. Kapteni na mwenzake walikufa wote wawili, na ndege ikaungua. Jeneza lililorudi lilikuwa limefungwa kabisa. Kampuni ilizichunguza karatasi zake na kuziona ziko sawa, maana kwa hesabu ya kompyuta njia ya Ijumaa ilikuwa ndiyo bora. Ripoti ikasema bahati mbaya. Yeye akapewa barua ya kushukuriwa kwa utumishi.

Tulikwenda Mbweni kwa bajaji. Dereva aliuliza tupite wapi, Mzee akasema popote.

Mjane wa Kapteni alitupokea kwa furaha iliyoniumiza baadaye kuikumbuka. Nyumba yake ilikuwa kubwa, mpya, ghorofa ya juu haijaisha, na varandani alikuwa amepanda maua kwenye makopo ya rangi. "Shemeji!" akapiga kelele toka mlangoni. "Umezeeka, shemeji! Pole ya mke. Nilikuwa India kwa mwanangu, taarifa nimeipata nimeshachelewa." Nikamwamkia, akaitikia, akaleta juisi ya ukwaju.

Mzee hakugusa glasi. Alisema kila kitu kama alivyoniambia mimi, harusi, simu, karatasi, tarehe. Hakujitetea na hakulia.

"Mkeo alikuja hapa," mama yule akasema. "Alikaa na mimi arobaini yote. Ananipikia uji, ananishika kichwa. Alijua?"

"Alijua."

"Alijua huku ananilisha?"

"Mie nilimkataza kusema, shemeji."

"Usiniite shemeji." Hakupandisha sauti. "Miaka yote hii nimemlaumu Mungu. Nimemlaumu na yeye mwenyewe, kwa nini alikubali kazi ile. Nilishamaliza kulaumu, baba. Nilishapata usingizi. Leo umekuja kuutua mzigo wako hapa kwangu. Haya, umeutua. Mie nitautua kwa nani?"

"Nendeni," mama yule akasema. Kisha akanitazama mimi, kwa adabu kabisa: "Samahani, mwanangu. Wewe hukukosa kitu."

Njia nzima ya kurudi nilijilaumu kwa kumsindikiza. Nilikuwa nimedhani ukweli ukisemwa kuna kitu kitafunguka. Sikufikiria upande wa anayeusikia.

Haukupita muda akapata kiharusi. Mkono wa kulia ukalegea na maneno yakawa yanatoka polepole, ingawa akili ilibaki kamili. Bintiye akamhamishia kwake Kibamba. Siku ya kuhama, Mzee alinipa ramani zake zote, bomba la plastiki lililojaa, nifundishie. Sikuzifundishia. Niliziweka juu ya kabati.

Halafu bintiye akanipigia. Yule mama wa Mbweni alikuwa ametafuta namba, amesema anakuja Jumamosi, na ameomba kitu kimoja: ramani ya mahali pale iwepo. Nilishusha lile bomba, nikaenda Kibamba.

Mzee alikuwa ameegemezwa kwenye mito kitandani, amenyolewa ndevu. Nilimwamkia, akaitikia kwa nusu ya mdomo. Yule mama aliingia bila kuvua mtandio, akakataa kiti.

"Hawakuwahi kunionyesha," akasema. "Walisema ni kule, ni porini. Nimezika sanduku. Nataka kujua ni wapi."

Nikaitandaza ramani juu ya shuka. Mzee akajaribu kuinua mkono wa kulia, haukuinuka. Akanitazama. Kwa hiyo nikachora mimi, kwa penseli, yeye akiniongoza neno moja moja. "Lile ziwa dogo. Hapo. Panda. Fuata kilima, usikivuke. Kulia. Bado. Bado." Nimefundisha kontua miaka mingi, lakini sikuwahi kuogopa kuchora mstari kama siku ile. "Hapo," akasema. "Pengo ni hapo."

Mama yule akainama, akaweka kidole juu ya alama yangu. "Alianguka hapa?"

"Mbele. Kidogo. Alishavuka." Alipumzika, akavuta pumzi. "Alitaka kugeuza. Arudi."

"Kuna nini hapa?"

"Kinamasi. Na kijiji. Watu wa kijiji ndio waliowatoa."

"Wewe unawajua majina?"

"Hapana."

Alikaa ameinama hivyo muda mrefu, kidole hakikutoka kwenye karatasi. Bintiye Mzee akaenda jikoni, nadhani ili asilie mbele yetu. Mwisho mama yule akaikunja ramani taratibu, akaniuliza mimi, siyo Mzee, kama anaweza kuichukua. Nikasema ndiyo. Hakumuaga Mzee.

Nilimsindikiza mpaka getini. Gari lilikuwa linamsubiri. Akaweka ramani kifuani, akasimama kana kwamba amesahau kitu.

"Mwambie sijamsamehe," akasema. "Na mwambie nimepaona."

Nilirudi ndani nikamwambia yote mawili, kwa mpangilio uleule. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akageuza uso ukutani, nami nikakaa pale kwenye kiti ambacho yule mama hakukikalia, mpaka bintiye aliporudi kutoka jikoni, kwa sababu sikujua kama natakiwa kuondoka.